Monastir au Kigali: mchezaji wa tenisi namba 600 duniani aende wapi?

Monastir, Tunisia, karibu kila wiki kuna mashindano ya M15, ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa ya wanaume, chini ya ITF, shirikisho la tenisi duniani. Raha yake ndiyo hiyo: unafikia hoteli moja, ukitolewa Jumanne huhami, unafua fulana zako na kusubiri droo (ratiba ya nani anacheza na nani) ya wiki ijayo. Hakuna nauli mpya ya ndege, na nauli ndiyo inayowamaliza hawa watu. Ila zawadi zote kwa jumla ni dola 15,000, na bingwa, baada ya kushinda mechi 5, anaambulia pointi 15 za orodha ya ubora duniani.

Kigali ni habari nyingine. Mwaka 2024 ilipoandaa Challenger 50, mashindano ya ngazi ya juu kuliko M15, bingwa aliondoka na pointi 50. Aliye kwenye droo kuu hupewa na malazi. Lakini namba 600 kwa kawaida huanzia mchujo: ashinde mechi 2 kwanza ndipo aingie droo kuu. Akifungwa ya kwanza, safari imeliwa, labda apate mwenza wa kucheza naye wawiliwawili.

Mimi ningekaa Monastir wiki tatu nizoee kushinda, ndipo nibahatishe Kigali, ingawa kutoka sakafu ngumu ya Monastir kwenda uwanja wa udongo wa Kigali miguu hulalamika.