Tamthilia za sekondari: mapenzi yapo, ratiba haipo

Ukitaka kujua kama mwandishi wa tamthilia ya shule anaijua sekondari ya leo, waache waigizaji kwanza, tazama ubao. Darasa la kweli lina tarehe juu, jina la somo, idadi ya waliosajiliwa na waliopo, na notsi za kipindi kilichopita zilizofutwa nusunusu. Kwenye tamthilia ubao una neno moja kubwa, mara nyingi jina la somo tu, na linabaki hapo wiki hadi wiki. Chaki haionekani. Mwalimu anaingia, anasema "fungueni vitabu", mlango unagongwa, na hadithi inahamia nje.

Hapa tunazungumzia makundi mawili: tamthilia za nyumbani zinazopita kwenye chaneli kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo, na za nje ambazo wanafunzi wa Mbeya, Iringa na Njombe huzitazama likizo ya Juni na ya Desemba, wengine kwa kisimbuzi cha nyumbani, wengine kwa kurushiana kwenye simu. Tumezipima kwa jambo moja: zinafanana kiasi gani na shule iliyopo hapa Nyanda za Juu Kusini sasa hivi?

Kwa upande wa watu, tamthilia za nyumbani hazijakosea sana. Mwalimu wa nidhamu mnoko yupo. Kiranja anayetumia cheo kulipiza kisasi yupo. Mzazi aliyeitwa shuleni akafika na hasira, kisha akakuta mwanawe ndiye mwenye kosa, yupo kila muhula. Kinachokosewa ni muda. Mwanafunzi wa kwenye tamthilia ana saa nyingi mno za kukaa chini ya mti akilia kwa sababu ya mvulana.

Chukua shule ya bweni, iwe Ifunda, Malangali, Tosamaganga au Loleza. Ratiba hutofautiana kidogo, lakini mifupa ni ileile. Kuamka saa 11 alfajiri au kabla, usafi wa mabweni na maeneo, uji, paredi, halafu vipindi vya dakika 40, vinane au tisa kwa siku. Baada ya hapo chakula cha mchana, michezo au kazi za mikono, chakula cha jioni, prepo (kujisomea darasani usiku) hadi saa 4 usiku, na taa zinazimwa. Ukitoa yote hayo, mwanafunzi anabaki na nafasi mbili za kuishi maisha yake: foleni ya maji, na ule muda mfupi kati ya chakula cha jioni na kengele ya prepo. Urafiki huvunjikia hapo. Barua ya mapenzi nayo haitolewi kwa mkono bustanini. Inasafiri ndani ya daftari la kuazima desa (notsi za kunakili), katikati ya prepo, ikipitia mikono ya watu watatu, na mmoja wao ni mmbea. Mwandishi anayeitupa kengele anatupa kitu ambacho kingembana mhusika wake na kufanya ugomvi wa dakika kumi uwe na maana.

Mavazi ni aibu tupu. Wasichana wa shule za serikali hunyoa au hukata nywele fupi. Kwenye skrini wana nywele za bandia hadi mabegani, kucha ndefu na nyusi zilizochongwa. Huenda mwigizaji ana kazi nyingine wiki hiyo na hawezi kunyoa. Basi mfunikeni kitambaa kichwani! Tena shule zote za kwenye tamthilia ziko kwenye joto. Hakuna mwanafunzi wa Njombe, Mafinga au Makete anayetembea na shati la mikono mifupi asubuhi ya Juni. Sweta ndiyo sare yenyewe, na huvaliwa mpaka viwiko vitoboke. Kule Tukuyu, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, viatu vya ngozi vinaota ukungu na soksi hukaushwa kando ya jiko la shule. Begi nalo linamsaliti mwigizaji: linaning'inia bega moja kama halina kitu, wakati mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye masomo tisa anabeba kaunta buku za kwaya mbili na tatu zinazovuta mabega chini.

Lugha ni suala gumu zaidi na tunawaelewa watayarishaji kidogo. Sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, lakini tamthilia ikifanya hivyo mtazamaji atahama chaneli. Wengi wanachagua Kiswahili kitupu darasani, na hapo wanapoteza jambo ambalo kila aliyesoma analijua: mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili, anauliza swali kwa Kiingereza, na darasa linanyamaza. Sekunde kumi za ukimya huo, huku wanafunzi wakikwepa macho ya mwalimu, zingetosha.

Maabara nayo ni kichekesho: maji ya rangi, moshi, kitu kinalipuka, kicheko. Zoezi linalomtoa jasho mtahiniwa wa kemia, kupima ni asidi kiasi gani inamalizana na besi, ni la kimya kabisa. Asidi inakaa kwenye bureti, mrija mrefu wenye koki, wa sentimita za ujazo 50. Besi inapimwa kwa pipeti ya 20 au 25 na kumiminwa kwenye chupa. Unadondoshea matone mawili matatu ya methili oranji, kiashiria kinachobadili rangi, kimiminika kinakuwa cha njano. Unafungua koki polepole huku mkono mwingine ukitikisa chupa. Njano ikigeuka kuwa rangi ya chungwa, unafunga papo hapo. Ukichelewa kidogo tu inakuwa nyekundu na umeharibu, unarudia. Mara ya kwanza ni ya kujaribu, halafu unatafuta vipimo vitatu vinavyokaribiana. Kosa linalowaangusha wengi ni kusahau kuondoa faneli juu ya bureti: tone lililonasa humo linadondoka baadaye na namba zinakataa kukubaliana. Msichana mwenye machozi, bureti mkononi, kemikali zikiwa zimebaki za jaribio moja na msimamizi akitazama saa: hiyo ni sehemu nzima ya tamthilia, na haihitaji mlipuko.

Matokeo pia yanaandikwa na watu waliosahau. Bado tunaonyeshwa karatasi iliyobandikwa ukutani na umati ukisukumana. Matokeo ya kidato cha nne yanatoka kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, kwa namba ya mtahiniwa, na mtaa mzima unaweza kuyasoma kwenye simu kabla mwenyewe hajaamka. Pointi chache ndizo nzuri: divisheni wani ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35. Mhusika akiruka kwa furaha kwamba amepata "pointi nyingi", mjue mwandishi hakuuliza mtu. Mtihani wa utamilifu (mock), ambao ndio hutikisa shule miezi kadhaa kabla ya Novemba, karibu haupo kabisa kwenye tamthilia za nyumbani.

Lakini pengo kubwa kuliko yote ni geto, chumba cha kupanga cha mwanafunzi. Tangu shule za kata zilipojengwa kwa wingi kupitia MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa 2004 hadi 2009, watoto wengi wa vijijini wanasoma shule za kutwa zilizo mbali na kwao. Penye hosteli wanalala hosteli. Pasipo nayo wanapanga chumba karibu na shule. Mtoto wa miaka 14 anaishi peke yake au na wenzake wawili: godoro chini, ndoo mbili, jiko la mkaa, sufuria moja, debe la unga, maharage, taa ya sola inayoning'inia kwenye msumari. Ijumaa anarudi kijijini kuchukua chakula, au mzazi anampakilia kwenye basi. Unga ukiisha kabla ya siku ya kwenda kwao, analala na uji. Baridi ikizidi, jiko la mkaa linaingizwa ndani na mlango unafungwa, na hewa yake yenye sumu inaweza kuua chumba kizima usingizini. Kuna mwenye nyumba anayedai kodi. Kuna mwanaume wa bodaboda anayejitolea "kusaidia" chips na vocha. Hakuna matroni, hakuna kengele. Kila kitu ambacho mwandishi wa tamthilia anahangaika kukibuni kipo kwenye chumba hicho, na kamera hazijafika. Zimebaki kwenye shule binafsi yenye geti na bustani, pengine kwa sababu ndiyo inayokubali kukodishwa kwa upigaji picha.

Viboko. Tamthilia huvitumia kama kichekesho au kumjenga mwalimu katili, kila mwalimu akichapa apendavyo. Mwongozo wa Serikali wa 2002 unasema adhabu itolewe na mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye, isizidi viboko vinne, iandikwe kwenye kitabu, na msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike kama yupo. Kati ya mwongozo huo na hali halisi kuna umbali, na video ya mwaka 2016 iliyotoka Mbeya, ikionyesha mwanafunzi akipigwa na walimu wa mafunzo, iliuonyesha umbali huo kwa nchi nzima. Tamthilia ingeweza kuingia hapo. Haiingii.

Na mimba. Mpaka leo msichana akipata mimba kwenye tamthilia, hadithi yake imekwisha: kilio, kufukuzwa, kuhamia kwa bibi. Tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu aliyejifungua kurudi kwenye shule rasmi. Msichana anayerudi kidato cha pili huku mtoto amebaki kwa mama yake, anakaa dawati moja na waliokuwa nyuma yake darasa moja, maziwa yakimjaa kipindi cha nne, ni mhusika wa sasa. Waandishi bado wanaandika sheria ya zamani.

Za nje je? *Tahidi High* ya Citizen TV ya Kenya ilikuwa na darasa lenye uhai na utani wa kweli, ila kumbuka sekondari ya mfumo wa 8-4-4 ilikuwa na miaka minne tu, na Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001. Usiipime kwa rula yetu. *Blood & Water* ya Netflix, iliyoanza 2020, ni nzuri kama hadithi ya msichana wa Cape Town anayemfuatilia anayedhani ni dada yake aliyeibwa. Kama picha ya shule ni ndoto ya matajiri: bwawa la kuogelea, sherehe, na somo halimalizwi.

Inayotufanania zaidi, ajabu, inatoka Korea Kusini. *SKY Castle*, ya JTBC, sehemu 20, ilirushwa Novemba 2018 hadi Februari 2019. Familia zake zina fedha ambazo watu wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, hawajaziona, lakini hofu ni yetu: mtihani mmoja, wazazi wanaolinganisha watoto kanisani na sokoni, mtoto anayesoma usiku mpaka anachoka kuongea. Wakorea nao hufanya mtihani wao mkubwa Novemba, na ndege husimamishwa wakati wa jaribio la kusikiliza Kiingereza. *School 2013* ya KBS ni ya hali ya chini zaidi na inafaa walimu: walimu wawili wanagombania namna ya kuongoza darasa moja lililoshindikana, na vipindi vinafundishwa kweli.

Kwa mzazi mwenye kijana nyumbani likizo: *School 2013* mnaweza kuitazama pamoja. *SKY Castle* itazameni baada ya pepa, siyo kabla, na mzazi aitangulie peke yake, maana sehemu ya kwanza tu inaishia kwa mama anayejiua. Za nyumbani zitazameni kwa ajili ya utani wa viranja na walimu, na mtoto akiuliza mbona wale hawaendi prepo, mwambieni aendelee kuuliza.