Uzoefu wangu na Shiny: kodi za programu na jibu kwenye skrini moja, mpaka mjomba akaniona nimekosea

Habari zenu wadau. Mimi niko Mtwara mjini, huku Chikongola, kazi yangu ni kupima sampuli za korosho msimu ukianza, na pembeni najifunza R, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kidogo kidogo. Nimekaa na Shiny, kifurushi cha R cha kutengenezea app, msimu mzima sasa nikaona niandike maana kuna kitu kimoja ndani yake watu wengi hawakitumii, ile hali yake ya Showcase. Ukiwasha app kwa runApp(display.mode = "showcase") basi kodi za programu (yale maandishi ya kuielekeza kompyuta) zinatokea palepale pamoja na app, upande huu unaingiza namba unaona jibu, upande ule unaona mstari uliotoa hilo jibu.

Nilitengeneza kikokotoo cha ubora wa korosho, ile ya paundi ngapi za kiini kwa gunia la kilo 80. Wanaopima wanajua, unachukua kilo moja ya korosho ghafi, unazikata, unatoa viini, vile vizuri unapima peke yake na vile vyenye madoa peke yake, vya madoa vinahesabiwa nusu tu, unajumlisha, unazidisha kwa 80 unagawa kwa 453.6 maana paundi moja ni gramu 453.6. Kwenye karatasi inachosha, hasa mkiwa na sampuli ishirini na jua la ghalani linawaka.

Sasa nikaenda Tandahimba kwa mjomba na laptop yangu. Mjomba amefanya kazi ghala miaka mingi, kompyuta hajui ila korosho usimdanganye. Nikaweka gramu 270 nzuri na 20 za madoa, app ikatoa 51.15. Akaangalia, akasema "Mwanangu, hiyo kubwa." Nikamwambia mjomba kompyuta haikosei. Akasogea karibu, akawa anasoma kile kimstari kilichowaka njano upande wa kodi, nilikuwa nimeandika (viini_vizuri + vyenye_madoa) * 80 / 453.6. Akauliza "Na nusu ya madoa iko wapi hapo?" Nikanyamaza. Nilisahau kugawa kwa mbili. Nikarekebisha palepale, nikawasha upya, ikaja 49.38. Karibu paundi mbili kwa kila gunia zilikuwa hewa, na hizo namba ndo ningempa mtu akapange nazo bei!

Kama app ingeonyesha jibu tu, mjomba angebaki na wasiwasi wake na mimi ningebaki na ubishi wangu. Na kitu kilichosaidia sana ni kwamba majina ya ndani niliyaandika Kiswahili, ningeandika x na y asingeona kitu. Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye kutengeneza app ya watu wa huku, majina weka ya Kiswahili, kuandika inachukua muda kidogo ila mtu wa ghalani anakukagua mwenyewe.

Ule mwanga wa njano nao naupenda kwelikweli. Kila ukibadilisha namba, kipande cha kodi kilichofanya kazi wakati huo kinawaka halafu kinafifia. Mdogo wangu anayejifunza alikuwa hanielewi kabisa nikimwambia Shiny hairudii kodi yote inafanya ile tu inayohusika na kilichobadilika, alipoona sehemu moja inawaka na nyingine imetulia akaelewa bila maelezo. Shida yake unafifia haraka, na unawaka kwa vitu vya ndani ya server tu (sehemu ya kodi inayopiga hesabu), upande wa muonekano hauwaki.

Kingine, inafanya kazi bila bando. Ukishaweka R na shiny kwenye mashine unakaa kijijini hakuna mtandao na app inazunguka freshi.

Kwenye simu sijaipenda. Skrini ikiwa nyembamba kodi zinashuka chini ya app, inabidi uskroli kupanda na kushuka na ile raha ya kuona vyote pamoja inapotea. Kwenye laptop kuna kitufe cha kuhamisha kodi pembeni au chini, ukiwa na skrini pana weka pembeni. Halafu chungeni sana nywila jamani, Showcase inaonyesha faili zako za R kwa yeyote atakayefungua app, ukiwa umeandika nywila ya databesi humo ndo umeigawa.

Nilijaribu na Streamlit, kifurushi cha kutengenezea app kwa lugha ya Python, pale unatumia st.echo, inaonyesha kile kipande tu ulichokifunga humo na jibu lake linafuata, ni nzuri ukitaka kuficha mengine. Ila haiwaki njano, na kwa mtu kama mjomba ule mwanga ndo ulimwita akasoma. Oktoba minada ikirudi naenda nayo tena Tandahimba, safari hii na skrini kubwa ya kuazima, maana ameniambia ataleta na wenzake wawili wa ghalani waikague.