Bembea ipo, kufuli lipo, ufunguo haupo

Jamani hili limenikaa kooni, acha niandike tu. Wiki ile nyingine tumeenda kwenye uwanja wa kuchezea watoto ambao kila mzazi kwenye grupu letu anausifia, eti jumuishi, eti watoto wote wanacheza, na kweli getini kuna bango kubwa lina picha ya mtoto kwenye kiti cha magurudumu anacheka meno yote nje. Binti yangu ana miaka minane, ana mtindio wa ubongo, kuiona tu ile picha akainyooshea kidole kisha akajigusa kifuani. Tukaingia na furaha zetu.

Mwanzo si mbaya, niseme ukweli. Geti pana, chini wameweka ile sakafu ya mpira, hakuna mchanga wala kokoto, na wenye viti mnajua mchanga ni nini, magurudumu ya mbele yakishazama basi siku nzima wewe ni punda wa mkokoteni. Rampu nayo haikunitoa jasho, inaelekea wamefuata kile kipimo cha kila sentimita 1 ya kupanda iwe na sentimita 12 za kwenda, maana kuna kwingine wanajenga ukuta ulioinama halafu wanauita rampu.

Sasa hiyo bembea. Ni ile ya jukwaa la chuma, mtoto anapanda na kiti chake, unafunga minyororo, anabembea bila kubebwa na mtu. Nimeitafuta miaka! Iko ndani ya kijiuzio chake na kijiuzio kina kufuli. Kufuli lenyewe lina kutu, ile ya kahawia inayobaki vidoleni ukishika, na chini ya jukwaa buibui ameshahamia na ukoo wake wote. Haijaguswa hiyo muda mrefu sana.

Nikamfuata mhudumu. Kaka samahani, naomba utufungulie bembea. Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Hiyo ya walemavu, mama."

Nikanyamaza kwanza. Binti yangu yuko palepale, magoti yake karibu yamguse. Nikamwambia, kaka, na huyu je? Ndo kuangalia sasa, akasema ufunguo anao bosi, bosi leo hayupo, mngetoa taarifa mapema.

Taarifa! Mdogo wake binti yangu alivyopanda slaidi alitoa taarifa kwa nani? Hapo nikapandwa, nikaanza kumsomea mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ule wa 2006, kifungu cha 30, kwamba watoto wenye ulemavu wana haki ya kucheza sawa na wenzao, nimemwaga yote pale mbele za watu, naye akaniuliza kwa upole kabisa, "Mlisaini na sisi?" Nikakosa jibu. Mpaka leo nikikumbuka sijui nicheke au nirudi nikamtafute.

Haya, kufuli lina sababu yake, sikatai, lile jukwaa ni zito na likimkuta mtoto mdogo anapita mbio litamuumiza vibaya. Ila basi ufunguo akae nao mtu aliyepo kazini! La sivyo mmenunua pambo.

Choo nitakisema kwa kifupi nisije nikatukana. Mlangoni alama ya kiti, ndani pa kubadilishia ni kile kibao cha vichanga. Nilitandika koti langu sakafuni, mnajua sakafu za vyoo.

Nikawa naondoka zangu, nyota moja nimeshaiandika kichwani. Tukapita kwenye lile duara la kuzunguka, limelazwa usawa na ardhi kabisa, kiti kinaingia bila hata kunyanyua gurudumu. Pembeni kuna kijumba cha watoto waliochoshwa na kelele, akatoka kijana mdogo amevaa hedifoni kubwa, hakusema neno, akashika chuma akaanza kusukuma. Polepole. Kila mzunguko anasimama, anamwangalia binti yangu usoni, binti akicheka anasukuma tena. Karibu nusu saa hivyo. Mama yake na mimi tulikuwa tunaangaliana tu, hakuna aliyetaka kuongea.

Kwa hiyo nyota mbili. Haya tatu, na ya tatu ni ya yule kijana ambaye hata hawamlipi. Bembea bado ni sifuri na yule kaka naye sifuri.

Jumamosi tunarudi, binti kaniganda. Nimepiga simu mapema kama walivyotaka, nikampata bosi mwenyewe, ananiambia yeye hana ufunguo, anao yule kaka.