Niliomba bomba la moshi la trekta lishushwe, nikaletewa moto shambani

Nasema mapema kwa asiye na muda wa kusoma: gereji iliyonitengenezea trekta msiende. Iko barabarani kabla hujafika Tanga mjini, ina mwembe mkubwa mbele na matrekta mabovu pembeni. Jina silitaji, sitaki kesi.

Shamba letu la michungwa liko upande wa Muheza. Alipanda marehemu baba, na miaka yote tulifyeka kwa kwanja tu. Nilipopata Massey Ferguson 135 ya mkono wa tatu, au wa nne, nikajua tumepumzika. Kumbe trekta ile ni ya shamba la wazi, la mahindi. Ukiiingiza chini ya michungwa, lile bomba la moshi lililosimama juu ya boneti linavunja matawi, na lisilolivunja linalibabua. Dereva anachanwa na miiba. Tairi la nyuma nalo linakamata tawi na kulivuta chini, tawi na machungwa yake. Siku ya kwanza nilitembea nyuma ya trekta na ndoo. Nilijaza mbili, machungwa ya kijani tupu, saizi ya ndimu.

Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu kwamba wenzetu walishakutana na shida hii zamani. John Deere, kampuni ya matrekta ya Marekani, miaka ya 1930 walikuwa na aina za bustani za matunda, AO na BO: hakuna bomba juu ya boneti, dereva kakaa chini, na magurudumu ya nyuma yamefunikwa kwa bati la mviringo ili tawi liteleze lipite. Huko Yakima, jimbo la Washington, fundi mmoja Jesse Lindeman alikuwa anachukua BO na kuzivua magurudumu kabisa, anazivalisha minyororo kama ya katapila, zipande vilima vya matufaa bila kupinduka. Nilizitazama picha zile usiku mzima. Asubuhi nikaenda gereji na simu mkononi.

Fundi mkuu akazitazama nusu dakika. "Mzee, hao wana matufaa, wewe una machungwa." Vijana wake wakacheka. Hapo ndipo ningeondoka, lakini nilikuwa nimeshalipa gari la kuivuta trekta hadi pale, nikameza.

Tulikubaliana mambo manne: magurudumu yaingizwe ndani trekta iwe nyembamba, kiti kishushwe, bati la kufunika matairi, na bomba la moshi lishuke. Alisema wiki moja. Ilikuwa karibu miezi miwili, na kila nikipiga simu trekta "iko kwenye rangi". Rangi gani? Sikuagiza rangi.

Basi ikaja. Na kweli, siku ile nilifurahi, siwezi kuficha. Lakini ngoja nifike kwenye bomba, maana ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Bomba alilishusha. Akalipitisha ubavuni, chini ya mahali pa kukanyagia mguu wa kulia, kisha mwishoni akachomelea kiwiko. Kiwiko kinatazama chini. Mdomo wa bomba umeinamia ardhi, shubiri mbili tu kutoka kwenye majani. Sailensa hakuweka, akasema inapunguza nguvu. Nikaona, na sikusema kitu, maana mimi mwenyewe nilisema bomba liende chini, na chini ndiko lilikokwenda.

Kiangazi kile kilikuwa kikali, majani yamekuwa kama karatasi. Tulikuwa tunafyeka kwa slasha ya trekta, mstari wa sita au wa saba hivi. Dereva akasimama anywe maji, injini ikinguruma. Mimi nikasikia harufu kabla sijaona kitu, harufu ya majani ya mchungwa yakiungua. Mwanzoni inanukia vizuri, kama mtu kamenya chungwa karibu yako, halafu inakuwa chungu. Nikageuka, moto uko chini ya trekta.

Namshukuru Mungu kwa mambo mawili. Dereva hakukimbia, aliirukia trekta akaitoa. Na siku ile tulipanga kupuliza dawa mchana, kwa hiyo mabomba mawili ya mgongoni yalikuwa yamejaa maji, dawa bado haijatiwa. Tuliuzima moto kwa mabomba ya kupulizia wadudu. Miti mitatu iliungua upande mmoja. Miwili imechipua, mmoja ule wa karibu na mfereji, aliokuwa anapenda kukaa baba chini yake, umekauka umesimama vilevile. Sijaukata.

Jioni tukainama chini ya trekta. Majani makavu yalikuwa yamejisokota juu ya lile bomba, yamejipanga kama kiota cha ndege, mengine yameshakuwa mkaa.

Kesho yake nikaenda gereji. Sikwenda kugombana, nilikwenda kusikia pole. Fundi alikuwa anakunywa chai chini ya mwembe, hakuinuka. Nikamweleza. Akamaliza kutafuna chapati yake, ndipo akasema: "Mzee, si ulisema chini? Sasa chini kuna nini, si majani?" Vijana wakacheka tena. Akaongeza kwamba trekta ya zamani ya Ferguson, ile ya kijivu, TE20, ilitoka kiwandani Uingereza bomba likiwa chini, na hakuna aliyekuja kumlilia.

Shikamoo sikupewa, pole sikupewa, kiti sikupewa. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu.

Na kinachoniuma ni kwamba kuhusu Ferguson ile anasema kweli. Nimetazama picha zake. Ila bomba la Ferguson ile limelala, linakwenda nyuma, moshi unatokea nyuma. Halina mdomo ulioinamia majani kama mbuzi. Kwa hiyo alikuwa anajua! Mtu asiyejua ningemsamehe. Huyu alijua lile la sawa linavyokuwa, akafupisha kazi ili abanie kipande cha bomba na sailensa.

Sasa niseme na haya mengine, nisije nikaulizwa mbele ya haki. Kazi ya magurudumu sijaona mtu hapa kwetu anayeiweza hivyo. Ukigeuza sahani ya ringi ili tairi liingie ndani, inabidi la kulia lihamie kushoto na la kushoto kulia, vinginevyo michoro ya tairi inatazama nyuma, na kwenye tope la masika trekta inajichimbia kaburi. Mafundi wawili niliowauliza kabla yake hawakulijua hilo. Yeye alilifanya bila kuambiwa, na akamwita dereva wangu pembeni akamwonya kuwa trekta nyembamba ni nyepesi kupinduka kwenye mteremko, asikatize kilima. Bati la matairi nalo ni safi, kingo kazikunja zisikate matawi. Dereva analalamika magoti yanagusa usukani, lakini huyo ni mrefu kupita kiasi, hata mlangoni kwangu anainama. Nimefuata tena nyuma ya trekta na ndoo: nimetoka na machungwa matano, moja lilikuwa bovu toka mtini.

Bomba nimelirekebisha kwa mchomeleaji wa hapa hapa Muheza. Kakata kiwiko, kalilaza bomba hadi nyuma, kaweka sailensa ya kuokoteza, na kila tukipumzika dereva anaondoa majani kwa fimbo. Bei yake haikufika hata robo ya ile ya gereji, na alinipa kigoda.

Shemeji yangu ana Ford ya zamani na miembe, kaniuliza nani alinifanyia trekta. Nimemzungusha siku tatu. Jana nimempa namba. Nimemwambia wamfanyie magurudumu, kiti na bati, bomba wasiliguse, alilete Muheza. Na salamu zangu kwa yule bwana asizifikishe.