Kumfuata trauti kilindini: nini ununue kwanza, nini uache dukani

Ziwa Pend Oreille, kaskazini mwa Idaho huko Marekani, lina kina cha zaidi ya futi 1,150. Kwa hesabu ya wazee wetu ni kama pima 190. Pale Bayview, kijiji cha ufukweni mwake, jeshi la wanamaji linafanyia majaribio modeli za nyambizi, kwa kuwa maji ni marefu na hayana kelele. Sasa mtu anakuja na fimbo mpya ya dola 300 na sanduku la vyambo bandia vya kila rangi, halafu siku nzima ya Julai anakokota chambo futi 15 chini ya boti. Jioni anafunga safari kurudi mjini Spokane akisema ziwa limekufa. Samaki wako palepale, ila chambo chake hakikuwafikia.

Mimi nimekulia Kigoma, ambako karabai ndiyo inayokuletea samaki. Unawasha, dagaa wanapanda, migebuka wanawafuata, unasubiri. Huku samaki hapandi kukufuata, wewe ndiye unayeshuka. Kwa hiyo ushauri wangu wote unaanzia hapa: fedha yako ya kwanza iende kwenye kifaa kinachoshusha chambo na kukuambia kimefika futi ngapi. Fimbo nzuri itasubiri mwakani.

Kabla ya kufungua pochi, jiulize unamtafuta yupi. Trauti ni samaki jamaa ya samoni, na hapa wapo wawili wanaofaa kuitwa wakubwa. Wa kwanza ni trauti wa upinde wa mvua wa ukoo wa Kamloops, aliyeletwa hapa mwaka 1941 kutoka Ziwa Kootenay, Kanada. Miaka 6 tu baadaye, mwaka 1947, mvuvi Wes Hamlet akamvua mmoja wa ratili 37. Walinenepa hivyo kwa kula kokanee, samoni mdogo wa maji baridi. Ukitaka kuelewa haraka, kokanee kwa trauti huyu ni kama dagaa kwa mgebuka: akipungua mmoja, mwingine anakonda. Wa pili ni trauti wa ziwa, wenyeji humwita Mackinaw, mzito, mvivu, mpenda baridi. Kiangazi hukaa karibu na sakafu, futi 100, 150, wakati mwingine zaidi.

Tofauti hiyo inaamua ununue nini. Kama utavua Novemba, wa upinde wa mvua hupanda karibu na uso wa maji, na nusu ya vifaa nitakavyovitaja hapa huvihitaji. Nunua vibao viwili vya pembeni, vile vinavyotembea mbali na boti na kupeleka mshipi kando, uwaache samaki wasisikie injini. Lakini wengi wetu tuna likizo Julai na Agosti, basi naorodhesha kwa ajili ya kiangazi, nikianza na cha kununua kwanza.

1. Daunriga ya mkono

Hii ni winchi ndogo ya pembeni mwa boti. Ina waya wa chuma, mkono wa kuutoa waya nje, kihesabio cha futi, na mwishoni chubwi kubwa la mviringo. Mshipi wako wa kuvulia unaubana kwenye kibanio kilicho juu ya chubwi, unashusha vyote pamoja, unasoma namba. Samaki akivuta, mshipi unachomoka kwenye kibanio na unabaki wewe na yeye, hakuna uzito katikati. Hapo ndipo inapozishinda nyingine zote: namba unaisoma, na pambano ni safi.

Kijana mmoja wa kutoka Uvira, mara yake ya kwanza botini, aliniuliza: “Papa, ile chuma munatupa mu mayi, iko ya nini?” Nikamwambia, hiyo ndiyo karabai ya huku, ila inafanya kazi kinyume. Akacheka, lakini ndani ya saa moja ndiye aliyekuwa akisoma futi kwa sauti.

Kwa boti ndogo ya alumini, Scotty Laketroller au Cannon Lake-Troll zinatosha. Ni ndogo na hazina mbwembwe. Ukiwa na boti kubwa kidogo, panda kwenye Cannon Uni-Troll au Scotty ya mkono yenye mkono mrefu. Na usione haya kununua iliyotumika. Mashine hizi ni chuma na gurudumu, hazina mengi ya kuharibika. Ukifika kwa muuzaji, vuta waya wote nje, upitishe kati ya vidole ukiwa umevaa glavu, na ukikuta nyuzi zimechanika, hesabu bei ya waya mpya. Zungusha kihesabio uone kama kinarudi sifuri. Kaza breki, kisha vuta kwa nguvu: iteleze kwa shida, isigande.

Breki nairudia, maana imenigharimu. Mwaka wangu wa pili niliikaza kabisa, nikidhani kukaza ndiyo usalama. Tukiwa karibu na Garfield Bay sakafu ikapanda ghafla, chubwi likanasa kwenye mwamba, na tezi ya boti ikaanza kuvutwa chini upande mmoja. Mwenzangu akakata waya kwa koleo. Chubwi likabaki kule, nami nikakaa chini nimenyamaza kama dakika 10. Tangu siku ile koleo la kukatia waya linaning'inia kwenye kamba karibu na winchi, na breki huiacha iteleze.

Chubwi: usichukue la ratili 6 kwa sababu ni rahisi. Mwendo wa boti unalisukuma nyuma, waya unalala, na kihesabio kinasema futi 120 wakati chambo kiko juu zaidi. Chukua la ratili 10, na ukivua Mackinaw kwenye kilindi, 12. Nunua mawili, maana moja utalipoteza.

2. Kisahani cha kuzamia

Kwa asiye na boti yake mwenyewe, hiki naweza kukiweka namba moja. Dipsy Diver ya Luhr-Jensen ndiyo ijulikanayo zaidi. Ni kisahani cha plastiki chenye risasi ndani, unakifunga kwenye mshipi mbele ya chambo, na maji yenyewe yanakisukuma chini kadiri unavyokwenda. Chini yake kuna duara la kuzungusha lenye namba. Ukiliweka sifuri kinashuka moja kwa moja nyuma ya boti, ukizungusha kuelekea upande mmoja kinachepuka kulia au kushoto. Hivyo watu wawili kwenye boti ya kuazima wanavua bila kufungana nyuzi, na hakuna tundu hata moja lililotobolewa kwenye boti ya mtu.

Pakiti huja na jedwali la kina. Lifuate, lakini jua limeandikwa kwa uzi wa aina fulani na mwendo fulani. Uzi wa kusuka ni mwembamba, unakata maji, kisahani kinashuka zaidi kuliko kwa nailoni. Kwa futi 40 hadi 60 kinafanya kazi vizuri sana. Zaidi ya hapo unatoa uzi mrefu mno na hujui tena uko wapi. Kinavuta kama ndoo, basi fimbo iwe ngumu. Bei ya kimoja ni kama ya chakula cha mchana.

3. Uzi wa risasi

Ni uzi uliosukwa na ndani yake kuna risasi laini. Unabadilika rangi kila yadi 10, ili ujue umetoa kiasi gani bila kupima. Kanuni ya wavuvi ni kwamba kila rangi moja inashusha chambo kama futi 5 ukienda polepole. Rangi 10 zote, yaani yadi 100, zinakupa kama futi 50. Ukiongeza mwendo, unapanda.

Naupenda kwa jambo moja. Ukikata kona, chambo cha upande wa ndani kinapunguza mwendo na kuzama, cha nje kinaharakisha na kupanda. Samaki aliyekuwa akikifuata tu, hapo ndipo huamua. Mwezi wa Juni, wa upinde wa mvua akiwa futi 30, huu uzi unashinda daunriga ya bei yoyote. Ubaya wake ni rili: inahitaji kubwa kama bakuli la ugali, na samaki wa ratili 5 humsikii vizuri kwa uzito wa uzi wenyewe.

4. Daunriga ya umeme

Wengine wataniuliza kwa nini nne. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Ukishusha na kupandisha chubwi la ratili 12 mara 30 kwa siku kutoka futi 150, mkono utakuambia. Kwa mwenye bega bovu, au anayevua Mackinaw kila wiki, ipande hadi namba moja. Lakini inagharimu mara kadhaa ya ile ya mkono, inataka betri imara na nyaya zilizofungwa vizuri, na nimeona watu wengi wakinunua mbili za umeme kwanza, kisha wakakosa fedha za sona. Bila sona, kile kioo cha kuonyesha sakafu na samaki, unashusha chubwi gizani. Nunua sona kabla ya daunriga ya pili, yoyote ile. Ukiielekeza sawa utaliona hata chubwi lako kama mstari kwenye kioo.

Halafu leseni ya kawaida ya Idaho ni ya fimbo moja, ya pili inataka kibali chake. Kama uko peke yako botini, hizo mashine mbili ni za nini?

5 na 6. Chubwi la kufunga mshipini, na waya

Chubwi la kufunga kwenye mshipi ni la bei rahisi na kina chake ni cha kubahatisha. Liwe akiba kwenye sanduku. Uzi wa waya unashuka kweli, wazee wa Mackinaw waliutumia miaka mingi, lakini ukijikunja mara moja umekatika, na unakata vidole. Sitaki kukuuzia.

Kilichobaki cha fedha kinunue vyambo vichache. Kwa wa upinde wa mvua, plagi za Lyman, vyambo bandia vya umbo la samaki vinavyotengenezwa Kanada, uende maili 2.5 hadi 3 kwa saa. Kwa Mackinaw, chambo kikubwa cha Flatfish cha Worden, uende maili 1.5 au pungufu, chubwi likiwa futi chache tu juu ya sakafu. Mwendo usome kwenye simu, usikadirie kwa macho, maana upepo wa ziwa hili unasukuma boti bila kukuaga.

Na wavu wa kupokelea uwe na mdomo mpana na nyuzi za mpira. Humo ziwani yuko pia trauti anayeitwa bull, analindwa na sheria ya Marekani na lazima arudi majini mzima. Mtazame pezi la mgongoni akiwa bado ndani ya wavu, ndani ya maji: kama halina doa hata moja, chomoa ndoana umwachie aende. Mackinaw yeye hana kikomo cha idadi hapa, wasimamizi wenyewe wanataka apungue ili kokanee apone. Huyo mtie kwenye barafu. Ukimkaanga kwa ndimu na pilipili hatafanana na mgebuka, lakini ugali hautabaki.