Boulder: mji wa chuo uliouachia mlima nafasi yake

Habari zenu wapenzi watazamaji. Leo sichambui simu wala viatu, nachambua mji mzima: Boulder, Colorado, kule Marekani, mji wa chuo kikuu ulioegemea Milima ya Rocky.

Tazameni picha hii. Mabamba haya ya mawe yaliyoinama kama mbao zilizoegeshwa ukutani huitwa Flatirons. Ni mawe ya mchanga, umri wake karibu miaka milioni 300. Sasa shukeni kidogo kwa macho: nyumba zinapanda, zinapanda, halafu zinakoma ghafla. Hapo ndipo nataka tukae. Mwaka 1959 wakazi walipiga kura kwamba maji ya mji yasipandishwe kupita futi 5,750, yaani kama mita 1,750. Pasipo na maji ya bomba, nani atajenga? Mwaka 1967 wakapiga kura tena, wakakubali kutozwa kodi ya mauzo ili mji ununue ardhi na kuiacha wazi. Ndiyo maana leo mwanafunzi akitoka darasani anafika msituni kwa miguu jua halijazama. Kwangu hiki ndicho kivutio cha kwanza, na nakipa alama zote.

Chuo chenyewe ni cha mwaka 1876, mwaka uleule Colorado ilipokuwa jimbo. Jioni watu humiminika Pearl Street, mtaa uliofungwa kwa magari tangu 1977. Hatua chache kutoka hapo kuna nyumba ya chai iliyochongwa na kupakwa rangi na mafundi wa Dushanbe, Tajikistan, wakaituma vipande vipande kama zawadi. Inueni macho mtazame dari, jamani, ni kazi ya mikono tupu!

Lakini lazima niseme ukweli. Ardhi ya kujenga ikibanwa, pango la nyumba hupaa. Wengi wanaofanya kazi Boulder hulala miji ya jirani na kuja kila asubuhi. Hapa napunguza alama, na inaniuma, kwa sababu kura ileile iliyouokoa mlima ndiyo imechangia kuwasukuma nje.

Ukienda, kumbuka mji uko kama mita 1,650 juu ya usawa wa bahari. Siku mbili za kwanza tembea taratibu, kunywa maji mengi. Kisha anzia bustani ya Chautauqua, chini ya Flatirons, na kama ni kiangazi panda alfajiri. Radi za kule hupenda mchana.