Kipima umeme cha kuchomeka soketini: uzoefu wangu na sabufa, amplifaya na nyaya za bei mbaya

Kifaa chenyewe kinatoshea kiganjani. Unakichomeka kwenye soketi, plagi ya amplifaya unaichomeka juu yake, na kioo kinaonyesha volti, ampea, wati, hezi na uniti zilizotumika. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 35,000. Kwa mpenda muziki wa Dar es Salaam ningekiweka mbele ya waya wowote wa "kusafisha sauti" unaosifiwa mtandaoni.

Nianze na umeme. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230 kwa hezi 50. Mimi naishi Tabata, nyumba ya kupanga: mita ya LUKU iko nyumba kubwa, waya unavutwa kupita uani hadi vyumba vya nyuma. Mchana kioo kilisoma 231. Jioni jirani akawasha birika, mwingine akapiga pasi, na namba ikashuka huku naiona: 224, 216, ikatulia 209. Fundi alipokuja na multimita yake, tofauti na kifaa changu ilikuwa volti mbili tu. Akaufuata waya hadi kwenye kisanduku cha maungio nyuma ya mlango, akakifungua. Skrubu imelegea, plastiki imegeuka kahawia, harufu ya kuungua bado ipo. "Kaka, umeme wako unaishia hapa," akaniambia. Tena waya wote wa uani ulikuwa wa milimita 1.5, ukibeba vyumba vyote. Wapangaji tukachanga, tukaweka wa milimita 6, na sasa jioni hata birika likiwashwa namba haiendi chini ya 225. Kiungo kinachochemka namna ile huunguza nyumba, kwa hiyo kwangu hela ya kifaa ilirudi siku hiyohiyo.

Sasa muziki. Wapo wachambuzi wa vifaa vya sauti wanaosema umeme ukiwa mdogo "besi inakufa", halafu wanakuonyesha stabilaiza au waya mnene wa amplifaya wa kununua. Tuliangalie kwa hesabu. Amplifaya ya transfoma ya kawaida hutegemea volti za ukutani, na nguvu yake ya juu kabisa hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Kutoka 231 hadi 209 unapoteza kama asilimia 18 ya nguvu hiyo ya juu. Kwa masikio hiyo ni chini ya desibeli 1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tena utaikosa pale tu unapofungulia hadi mwisho. Ukisikiliza sebuleni kwa sauti ya kawaida hakuna kilichokufa. Kuna na amplifaya nyingi za siku hizi zilizoandikwa nyuma 100–240V. Hizo zina mfumo wa ndani unaojirekebisha.

Waya mnene wa umeme niliuazima kwa rafiki. Kioo kikasoma volti zilezile, wati zilezile. Mdogo wangu akawa anabadilisha nyaya nami nimegeukia ukutani, sauti imeachwa palepale, na sikuweza kusema upi ni upi. Hilo la kutoangalia ni la lazima, kwa sababu sauti ikizidi hata kwa desibeli 1 tu, sikio huiona ndiyo bora. Mchambuzi asiyesema alivyolinganisha kiwango cha sauti, simsikilizi zaidi ya hapo. Na ukimsoma wa Marekani, kumbuka kwao umeme ni volti 120 kwa hezi 60: kwa wati zilezile, waya wao unabeba ampea karibu mara mbili ya wetu. Hata pale waya unapokuwa na neno la kusema, neno hilo si la Tabata.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni sabufa ya jirani. Boksi limeandikwa wati 8,000 PMPO, yaani namba ya kilele ya kutangazia biashara, kwa herufi za dhahabu. Nyuma, kwenye kibandiko kidogo karibu na waya, imeandikwa 60W. Tukaichomeka kwenye kifaa, tukafungulia singeli hadi bati likatetemeka: kioo kikacheza kati ya wati 25 na 40. Sabufa haiwezi kutoa kwa muda wote nguvu kubwa kuliko inayokula ukutani, hilo halina mjadala. Marekani waliliwekea kanuni mwaka 1974, kampuni zitangaze wati za amplifaya kwa namna moja inayopimika. Hapa kwetu soma kibandiko cha nyuma kabla hujatoa hela.

Kifaa kina mipaka yake. Kioo hubadilika taratibu, kama kila sekunde moja, kwa hiyo ngumi fupi ya ngoma hakiioni. Kwenye matumizi madogo sana, mathalani chaja ya simu, namba zake sizitegemei. Mvumo wa spika nao hakiuoni. Wangu ulikuwa unavuma mchana na usiku, na video niliyotazama ililaumu "umeme mchafu". Nilipochomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi, mvumo ukakata papo hapo. Ulikuwa unazunguka kupitia dishi, ethi na televisheni. Kifaa kidogo cha kutenganisha kwenye waya wa antena kimeumaliza.

Upande wa LUKU nilipata jambo moja la maana. Amplifaya yangu ikiwa imezimwa kwa rimoti inaendelea kula wati 9. Kwa mwezi ni kama uniti 6 na nusu za bure. Siku hizi naizima ukutani.

Ukienda kununua, chagua chenye pini tatu za bapa na fyuzi ndani ya plagi, na chenye kuhifadhi namba ya chini kabisa na ya juu kabisa, maana volti hushuka ukiwa kazini. Mwombe muuzaji akichomeke dukani na balbu ya wati unazozijua. Kikisoma mbali na zilizoandikwa, omba kingine.